Mpishi Hula Mwisho

Nilipoolewa mjini Bagamoyo nikitokea Kaole, nilidhani sijahama. Ni mwendo mfupi, bajaji huumaliza kabla wali haujakauka jikoni. Watu ni wale wale, dini ni ile ile, hata nazi nilizokuna mjini zilitoka kwenye minazi ya upande wetu. Kilichobadilika ni saa ya kula, na hilo sikulitambua mpaka miaka mitano ilipopita.

Kwetu tulikuwa watu wa shamba. Mama yangu alitoka alfajiri kwenda kwenye mpunga, akaacha chungu cha mihogo au viazi vitamu juu ya mafiga, na kila mwenye njaa alijipakulia. Nyumba ya mume wangu ilikuwa nyumba ya watu wa mji, ya zamani, yenye kuta nene na utaratibu wake. Baada ya swala ya adhuhuri walianza baba mkwe na wageni wake sebuleni. Wakafuata shemeji zangu wawili waliofanya kazi pale mjini. Kisha mama mkwe na kina mama waliokuja kumtembelea. Kisha watoto. Aliyepika alikula mwisho, akishaosha sinia za waliotangulia.

Mama mkwe hakunionea. Alinifundisha kupika upya bila kunidharau, akanionyesha jinsi ya kuunga mchuzi wa samaki changu kwa tui la pili kwanza, na mwanangu wa kike alipozaliwa alimwosha na kumkanda kwa mikono yake. Yeye mwenyewe alikula mwisho miaka mingi, mpaka alipopata mkamwana wa kupokea kijiko. Mkamwana huyo nilikuwa mimi.

Wageni hawakukatika. Ndugu wa Pangani waliopita kwenda Dar, ndugu wa Unguja waliokuja kuuguza mtu, wazee wa msikitini. Zamu yangu ya kula ilifika saa tisa, mara nyingine saa kumi. Asubuhi nilikunywa kahawa chungu iliyobaki kwenye birika, vikombe viwili au vitatu, kwa kuwa vitumbua vilikuwa vya wageni na watoto. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti na kazi yake ilikuwa Dar. Alirudi Jumamosi na kuondoka Jumapili, na siku hizo mbili alikula sebuleni na baba yake.

Kipandauso nilikuwa nacho tangu usichana, mara moja moja. Katika nyumba ile kilinijia kila wiki.

Kilianza na jicho la kushoto. Mstari wa mwanga wenye meno kama msumeno ulitokea pembeni, ukatetemeka na kupanuka, hadi nikimtazama mtu naona nusu ya uso wake. Hapo nilikuwa na kama robo saa. Nilijifunza kuitumia: kushusha sufuria, kufukia mkaa, kuangalia mtoto yuko wapi. Kisha maumivu yalishika upande mmoja wa kichwa, yakapiga kwa kila pigo la moyo, na nikatapika mpaka ikabaki nyongo. Nililala stoo kwa sababu ndicho chumba pekee kisicho na dirisha, katikati ya magunia ya mchele na kapu la ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi. Harufu yao ilikuwa adhabu juu ya adhabu. Nje nilisikia vijiko na vicheko na mtu akiuliza pilipili iko wapi. Mlango niliufunga mimi mwenyewe, lakini niliposikia hatua zinakaribia nilihisi kama mtu aliyefungiwa.

Mama mkwe aliona ni husuda. Aliniletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa kwa imani. Yale marashi yalinitapisha palepale. Akaitazama sahani, nami nikaona aibu kama niliyeitukana dini.

Shemeji yangu mdogo ndiye aliyeleta habari za vyakula. Jioni moja alinisomea kwenye simu yake, kwa nia njema kabisa, vitu ambavyo watu wenye kipandauso huambiwa waviepuke: samaki wakavu, karanga, machungwa, chokoleti, mtindi, soda, viungo vya pakiti. Nikashika hapo kwa mikono miwili. Nikaacha ng'onda, nikaacha karanga, nikaacha machungwa. Kichwa kikaja. Nikakumbuka jana yake nilikula embe, nikaacha embe. Kikaja tena, nikaacha pweza. Kila nilichokitia mdomoni nilikitilia shaka, na kila kichwa kilipouma nilikuwa na mshtakiwa tayari, chakula cha mwisho nilichokula. Mwishowe nikaacha nazi.

Kuacha nazi katika nyumba ya Bagamoyo si jambo la siri. Nilikuwa najichemshia wali mweupe kwenye kisufuria pembeni. Mama mkwe alikiona, akakifunua, akakifunika.

"Mkono wangu umekuwa sumu?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Ni kichwa."

"Mapishi niliyokufundisha nimeyapika nyumba hii tangu mumeo hajazaliwa. Hajafa mtu."

Nilikonda hadi pete ikawa inanitoka nikifua, na kichwa hakikupungua hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimejinyima kila nilichokipenda na bado nilikuwa stoo, gizani, nikisubiri.

Nilipelekwa zahanati kwa sababu nyingine. Mchana mmoja nilikuwa nakata vitunguu vya pilau, mwanga ukaanza jichoni, nami nikasema nimalize viwili vilivyobaki. Nilijikata kidole cha shahada mpaka karibu na mfupa. Wifi mmoja aliyekuwa amekuja kutusaidia alinifunga kitambaa na kuniingiza kwenye bajaji.

Tabibu alikuwa mwanamama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alinishona kwanza, akaniacha nipumzike taa zikiwa zimezimwa. Kichwa kilipotulia kidogo akarudi na kiti chake.

"Umejikataje?"

"Kidole sikukiona. Nilikuwa naona nusu nusu."

Akauliza hilo la kuona nusu nusu lina muda gani, nikamweleza. Akauliza, "Leo umekula saa ngapi?"

Nikaanza kumtajia vitu nisivyokula. Alinisikiliza mpaka kwenye nazi, akanikatiza taratibu.

"Sijakuuliza nini, mama. Nimekuuliza saa ngapi."

"Sijala bado."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu.

"Na jana?"

"Saa kumi, nadhani."

"Kuanzia asubuhi mpaka saa kumi ulikuwa na nini tumboni?"

"Kahawa."

Aliweka kalamu chini. Aliniambia kwamba kwa watu wengi wenye ugonjwa huu, tumbo tupu huamsha kichwa kuliko chakula chochote, na kwamba kahawa nyingi leo na kidogo kesho nayo huamsha, na kukosa maji, na kukosa usingizi, na zile siku za mwezi. Ng'onda huenda kweli ananidhuru, akasema, lakini nitajuaje nikiwa nimeshaacha kila kitu kwa pamoja na njaa iko palepale? Nirudishe vyakula kimoja kimoja. Nile kabla ya saa mbili asubuhi, nile tena kabla ya saa tano, nisisubiri. Alinipa vidonge vya kumeza mwanga unapoanza tu, akanionya nisivimeze kila siku, maana vikizidi navyo huleta kichwa.

"Ni rahisi," alisema.

Nikamwitikia. Njiani kurudi nilikuwa na furaha mpaka bajaji ilipokata kona ya mtaani kwetu. Niliona viatu vya wageni mlangoni, na furaha yote ikaisha. Kuacha chakula nilikuwa nimeweza peke yangu. Kula kabla ya wengine nisingeweza bila kuonekana.

Atakayesoma atauliza kwa nini sikusema. Nilisema. Siku ile ile nilimwambia mama mkwe, "Tabibu kasema nisikae na njaa."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nani anakukalisha na njaa? Chakula si kipo?"

Na kweli kilikuwepo. Kilikuwa mbele yangu tangu saa tatu asubuhi, nakikoroga, nakionja kwa ncha ya ulimi kiganjani, nakipakua kwenye sinia za watu. Kutamka neno njaa mara ya pili kungekuwa kusema kwamba nyumba ile yenye wageni kila siku inamnyima mke wa mtoto wao. Nisingeweza kulitamka. Mama mkwe kwa upande wake alifanya alichoona ni msaada: zamu yangu ilipofika alinijazia sahani mara mbili.

Basi nikaanza kuiba. Nilificha kiazi kitamu cha kuchemsha kwenye pindo la kanga, nikaenda nacho stoo saa tano, nikala nimesimama huku nikisikiliza mlango. Siku moja stoo alikuwemo mtu, nikala ndizi chooni. Nitaliandika hilo mara moja tu. Kichwa kilipungua, si sana, kwa kuwa si kila siku nilipata nafasi, lakini nilianza kuona tabibu alisema kweli.

Wiki ya tatu mama mkwe alifungua mlango wa stoo nikiwa na nusu ya kiazi mkononi na nusu mdomoni.

Alisimama. Alikitazama kiazi, akanitazama usoni, kisha macho yake yakashuka tumboni pangu, na uso wake wote ukalainika kwa namna ambayo sikuwa nimeiona.

"Mwezi wa ngapi?" akauliza kwa kunong'ona.

Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Ningeweza kutikisa kichwa. Nilitafuna, nikameza, nikatazama chini. Kwake yeye hilo lilikuwa jibu, na jibu la mwanamke mwenye adabu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Toka humu. Njoo ukae ule."

Nilikaa kwenye mkeka wa jikoni, saa tano asubuhi, akanipakulia yeye kwa mkono wake. Maharage ya nazi. Nilikula yote.

Wiki nne zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote nilizoishi katika nyumba ile. Saa moja asubuhi nilikuta kitumbua na uji. Saa tano sahani. Saa kumi kitu kidogo tena. Wageni wa baba mkwe walipoulizia chakula, nilimsikia mama mkwe akisema ukumbini, "Watasubiri. Mtoto hasubiri." Kahawa aliniondolea mwenyewe, kidogo kidogo, akisema si nzuri kwa tumbo. Nazi ilirudi, embe likarudi, pweza akarudi. Na kichwa hakikuja. Wiki ya kwanza sikuamini, ya pili nikaanza kutembea juani bila kufumba jicho. Nilishiba, nilinenepa, nilicheka na mwanangu, na kila tonge lilipita kooni likiwa na uongo ndani yake.

Lililoniuma zaidi ni kwamba alianza kukaa nami. Alikuwa hajawahi. Alikuwa akinitazama nikila na kunisimulia mimba zake. Siku moja alisema, akiwa anachambua mchele, "Mkwe wangu mimi alikuwa mkali. Zile mimba ndio wakati pekee niliposhiba nyumba hii, kabla sijawa mkubwa." Alisema kama anayesema jambo la kawaida, akaendelea na mchele.

Ningemwambia pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikaogopa.

Alikuwa ameshampigia mume wangu simu. Jumamosi ya kwanza alikuja na mfuko wa zabibu, uso wake unang'aa, na nilimwambia tukiwa chumbani kabla hajavua viatu. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Kwa hiyo hakuna kitu."

"Hakuna."

Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. "Mwambie mama," akasema.

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

"Nitamwambia nini? Kwamba mke wangu anashinda na njaa nyumbani kwetu?"

Nikaona kumbe hata yeye hana pa kutokea. Jumapili aliondoka bila kumwambia mama yake, na wiki zilizofuata hakumwambia pia. Zabibu tulikula mimi na mtoto.

Siku zangu, ambazo tangu nilipokonda zilikuwa zimekatika zaidi ya miezi miwili na kumpa mama mkwe uhakika zaidi, zilianza Jumatano. Katika nyumba yetu wanawake husali pamoja chumbani kwa mama mkwe. Mwanamke akiwa katika hedhi hasali, na nyumba nzima hujua bila mtu kusema. Adhuhuri nilijifanya nina mchuzi motoni. Alasiri aliniita. Nilisimama mlangoni. Alikuwa amekwisha kutandika miswala miwili.

Ningeweza kujifunika na kuinama na kusujudu pamoja naye. Nililiwaza hilo, sitaficha. Kumdanganya yeye nilikuwa nimeweza, lakini kusimama mbele ya Mungu kwa mchezo nikiwa katika hali ile, miguu yangu ilikataa.

"Mimi leo sisali, mama."

Aligeuka polepole. Mkono ulimwendea kifuani.

"Imetoka?"

Hapo ndipo uongo ulinifungulia mlango mwingine, mpana kuliko wa kwanza. Neno moja lingetosha. Angenilaza, angenikanda, angenipikia, angelia nami.

"Haikuwepo," nikasema. "Haikuwepo tangu mwanzo. Nilikuwa na njaa tu."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama palepale mlangoni: tabibu, kahawa, viazi, stoo. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa amekaa juu ya mswala, mikono mapajani.

"Njaa," akasema. "Ukaona bora uniambie una mtoto, kuliko kuniambia una njaa."

"Sikukwambia, mama. Uliuliza, nikanyamaza."

"Usinifanyie hesabu ya maneno."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshawaambia watu."

Kisha akasali peke yake. Nilikunja ule mswala mwingine, nikaurudisha mahali pake.

Siku tatu hakusema nami ila ya lazima. Ya nne, asubuhi, kina mama watatu wa mtaani waliingia uani na nyuso za msiba. Mmoja, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amebeba chombo cha uji wa pilipili manga. "Pole, mwanangu," akasema. "Mungu atakupa mwingine."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anapepeta mchele na hakuinua macho. Nikaelewa alivyoamua. Nyumba ile isingeweza kutoka nje na kusema mkamwana wetu alidanganya ana mimba ili ale. Kwa hiyo mtoto asiyekuwepo alikuwa ametoka, na mimi nilikuwa nimefiwa. Nikaupokea uji. Ulikuwa mkali, wa moto, umepikwa vizuri sana. Yule jirani alikaa karibu nami mpaka nikaumaliza, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba yeye wamemtoka wawili, na kwamba wa pili ndiye anayemwota mpaka leo. Alinishika mkono. Niliuacha mkono wangu ndani ya wake kwa sababu sikujua pengine pa kuuweka.

Ule utaratibu wa kula haukurudi ulivyokuwa. Mama mkwe hakuniambia lolote kuhusu hilo. Wiki iliyofuata, mbele ya wageni wa Unguja, alisema kwa sauti iliyofika sebuleni, "Huyu ana maradhi ya kichwa, mpisheni ale kwanza." Nikala. Tangu siku hiyo mimi ni mgonjwa wa nyumba ile. Wageni wapya huulizwa kama wamesikia dawa yangu, na wifi zangu wakija hunipokonya vitu vizito mkononi. Ruhusa nimeipata, na jina nimepewa nalo.

Kichwa sasa huja mara moja kwa miezi miwili, hivi, mara nyingi siku zangu zikikaribia. Machungwa, karanga, nazi, embe, vyote nilirudisha, havina hatia. Ng'onda nilimjaribu mara tatu, akaniangusha mara tatu, huyo nimemwacha. Kahawa ni kikombe kimoja, saa ile ile kila siku. Shaabani ikifika huanza kuipunguza ili Ramadhani isinikute ghafla, na daku silikosi. Hata hivyo zipo siku za mfungo ambazo mwanga huanza jichoni, nikafungua, nikazilipa baadaye.

Mwaka jana nilipata mimba ya kweli, na mtoto yupo, wa kiume, anatambaa. Alipozaliwa, jirani yule alikuja na uji wake. Alimpakata, akamnong'oneza sikioni kwamba yeye ni fidia ya ndugu yake aliyetangulia. Kisha akaniuliza kama bado namkumbuka yule aliyetoka.

Mama mkwe alikuwa pembeni anakunja nepi. Alisimamisha vidole vyake akisubiri nitajibu nini.

"Namkumbuka," nikasema.